"MTOTO WA KWETU" HAPUNGUZI MAKATO YA KOROSHO

Liko neno linalotembezwa siku hizi kutoka kijiwe hata kijiwe, kutoka Masasi chini ya majabali yake hata Newala juu ya uwanda, na wanaolitembeza si watoto wala walevi. Ni watu wazima wenye akili zao, na wengine wao ni wanachama wenzetu wenye kadi mfukoni. Neno lenyewe ni hili: ati mwaka 2030 Chama kikitaka kura za Kusini sharti kisimamishe mtu wa Kusini kugombea Urais. Na kama hapana mtu wa Kusini, basi atafutwe ambaye mama yake alitoka huku. Na kama huyo naye hapana, basi walau awe aliyesoma Ndanda, au anayejua kuamkia kwa Kimakonde. Chama kikifanya hivyo, wasema, kura zitakuja zenyewe.

Sisi tunaozunguka matawini twalikataa neno hili. Twalikataa kwa hesabu, twalikataa kwa historia, na twalikataa kwa kuwa linatutukana.

Tuanze na hesabu, maana sisi tumesomea ualimu na hesabu haina mjomba. Katika sensa ya 2022 Mkoa wa Mtwara ulikuwa na watu 1,634,947, na nchi nzima ilikuwa na watu 61,741,120. Hao wa Mtwara hawafiki 3 katika kila 100. Tia na ndugu zetu wa Lindi, jumla yetu haifiki 5 katika kila 100. Basi hata kama kila mwenye kura, kutoka Kilwa hata Nanyumbu, angempigia mtoto wa kwetu pasipo kubaki mmoja, bado angehitaji kura za Mwanza, za Mbeya, za Tanga, za Unguja na Pemba. Na huko hakuna anayemjua mama yake. Rais wa Tanzania huchaguliwa na nchi nzima kama jimbo moja. Kura ya bibi wa Kitangari ina uzito ule ule wa kura ya bwana wa Ilala, wala haizidi.

Vijana wetu wanaofuata habari za ulimwengu hutujibu hapa kwamba Marekani hufanya hivyo. Ni kweli, Marekani hesabu yao ni nyingine. Kule kila jimbo lina fungu lake la kura za uteuzi, mtu hutafuta 270 katika 538, na karibu majimbo yote humpa mshindi fungu lote hata akishinda kwa kura chache. Kwa hiyo yako majimbo machache yasiyo na mwenyewe, leo huku kesho kule, kama Pennsylvania, Michigan na Wisconsin, na vyama hupeleka huko fedha zao zote na kuulizana mgombea yupi ana shangazi huko. Je, shangazi hao huleta kura? Mwaka 2000 Al Gore alishindwa Tennessee, jimbo lake mwenyewe ambalo baba yake pia alikuwa Seneta wake, na lau angelipata hilo asingehitaji Florida wala kesi yake. Mwaka 2012 Paul Ryan wa Wisconsin alikuwa mgombea mwenza, na Wisconsin ikawapigia wapinzani wake. Donald Trump, mtoto wa tajiri wa New York, aligombea mara 3 na New York ilimkataa mara 3. Lakini wafanyakazi wa Pennsylvania, wasiofanana naye kwa lolote, walimpa jimbo lao mwaka 2016 na tena 2024. Tusifiche na upande wa pili: Joe Biden alizaliwa Scranton, Pennsylvania, na mwaka 2020 alilichukua jimbo hilo, kwa kura kama elfu 80 katika karibu milioni 7. Huenda Scranton ilimsaidia. Lakini ni msaada mwembamba, na unafaa tu mahali ambapo kura elfu 80 hugeuza fungu zima. Kwetu hakuna fungu la kugeuza. Wenzetu hawa wameazima dawa ya ugonjwa tusiougua.

Sasa tuje nyumbani. Kusini ilikwisha kutoa Rais, tena Masasi hii hii. Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso mwaka 1938, akasoma Ndanda, akawa Mbunge wa Nanyumbu tangu 1985 hadi 1995, na mwaka 1995 akashinda Urais kwa asilimia 61.8 mbele ya Mrema, Lipumba na Cheyo. Alifariki Julai 2020 na amelala Lupaso. Sisi tunamheshimu na kaburi lake tunalitunza. Lakini tuulize, ni nini kilichompa Urais? Ni Umakua wake? La hasha. Kwenye mkutano mkuu wa CCM Dodoma, Julai 1995, Kikwete ndiye aliyeongoza duru ya kwanza kwa kura 534 dhidi ya 459 za Mkapa, na Mkapa akashinda ya pili kwa 686 dhidi ya 639. Wajumbe hao walitoka nchi nzima. Wa Masasi kati yao wangeenea katika basi moja. Walichokiona kwake ni mtu aliyeitwa msafi katika siku ambazo nchi ilikuwa imechoshwa na rushwa, na nyuma yake alisimama Mwalimu Nyerere. Hiyo ndiyo asili iliyohesabiwa: asili ya kazi zake, si ya kitovu chake.

Na Newala, je? Huku juu uwandani Waislamu ni wengi, na Mkapa alikuwa Mkatoliki. Profesa Lipumba, Mwislamu, alikuwa katika karatasi ile ile. Wapiga kura wa Newala hawakuuliza mgombea anasali wapi. Miaka iliyofuata chama cha Lipumba, CUF, kilipata nguvu kubwa katika mikoa yetu ya Kusini, ijapokuwa yeye ni mtu wa Tabora asiye na shamba hata moja la mikorosho kwetu. Na mwaka 2015, wakati Magufuli wa Chato alipokuwa akichukua nchi kwa asilimia 58.46, na Mzee Mkapa mwenyewe yuko jukwaani akimnadi, majimbo ya Ndanda, Tandahimba na Mtwara Mjini yalipeleka Bungeni wabunge wa upinzani. Watu wa nyumbani kwa Rais mstaafu walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaingia katika kibanda cha kura na shida zao.

Halafu ukaja mwaka 2020. Bernard Membe, mtu wa Lindi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka mingi, alifukuzwa CCM, akaingia ACT-Wazalendo, akagombea Urais. Alipata asilimia 0.55 nchi nzima. Twajua yote yanayosemwa juu ya uchaguzi ule. Wapinzani waliyakataa matokeo yake, na viongozi wa chama chake Membe walikuwa wamekwisha kuelekeza mikono yao kwa Tundu Lissu. Hayo twayakubali. Lakini wale wanaotuambia kwamba Kusini huitika damu yake ikiitwa, watuonyeshe ni wapi iliitika. (Uchaguzi wa 2025, ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwamo, hatuutaji, maana hauwezi kumfundisha mtu lolote juu ya jambo hili.)

Lakini hesabu za kura si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni lile linalofuata baada ya kura.

Ndugu wanachama, viwanda vya korosho vilivyojengwa kwa mikopo tangu miaka ya 1970, Masasi vikiwamo na Newala vikiwamo, vilibinafsishwa lini? Vilibinafsishwa katika utawala wa mtoto wa Masasi. Vingi vikageuka maghala, na mama zetu waliokuwa wakibangua humo wakarudi nyumbani. Hatusemi alifanya kwa ubaya. Ilikuwa ndiyo siasa ya serikali yake kwa nchi nzima, na Masasi haikutolewa katika siasa hiyo kwa sababu Rais alizaliwa Lupaso. Hapo ndipo tunapotaka watu watazame. Rais hatawali kwa cheti chake cha kuzaliwa. Hutawala kwa siasa ya chama chake, na siasa hiyo kama ni ya kuuza viwanda, itauza na cha kijijini kwake.

Tuchukue na la Juni 2018. Serikali ilileta Bungeni mabadiliko ya sheria ili ushuru wa korosho zinazouzwa nje, ambao fungu lake kubwa lilikuwa likirudi katika kuendeleza zao, uingie wote Hazina. Wabunge wa Kusini, wa CCM na wa upinzani, watoto wa kwetu wote kwa kuzaliwa, walisimama wakapinga. Walipinga kweli kweli, na twawapa heshima yao. Sheria ikapita. Novemba ya mwaka ule ule minada ikavurugika kwa bei ndogo, Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kilo, jeshi likaletwa kubeba magunia, na wakulima wengi wakakaa miezi wakingojea malipo. Basi tupime: shida yetu mwaka ule ilikuwa kukosa watoto wa kwetu? Walikuwapo tele! Tulichokosa ni watoto wa wenzetu, wabunge wa Kagera na Singida na Dodoma, waliokwisha kufundishwa na vyama vyao kwamba korosho ni jambo la nchi na si kilio cha Wamakonde. Kazi hiyo ya kufundishana haifanywi na ukoo. Inafanywa na Chama, mwaka hata mwaka, kwa maazimio yaliyoandikwa.

Tuvuke na Ruvuma kidogo. Wamakonde wa Newala na wa Mueda ni watu wamoja. Mto umepita katikati ya ndugu. Januari 2015 Filipe Nyusi, Mmakonde wa Mueda, aliapishwa kuwa Rais wa Msumbiji, akakaa hadi Januari 2025. Huku kwetu watu walicheza ngoma. Oktoba 2017 vita vikaanza Mocimboa da Praia, ndani ya mkoa wake mwenyewe wa Cabo Delgado, vijiji vikachomwa, na ndugu zetu wakavuka mto na vitoto mgongoni. Oktoba 2020 wauaji walivuka hata kwetu, wakashambulia Kitaya. Sababu za vita vile ni nyingi, wala hatumtwishi Nyusi peke yake. Twasema tu kwamba kama damu ya Rais ingekuwa ngao ya nchi yake ya kuzaliwa, Cabo Delgado ingekuwa mahali pa amani kuliko pote Msumbiji katika miaka ile 10.

Na hili la kuchagua mtu kwa asili si geni, lilikwisha kujaribiwa juu ya wazee wetu. Wakoloni ndio walioanza. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 walimlazimisha kila mpiga kura kupiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia, moja kwa Mzungu, wakitumaini kwamba watu wakigawanywa kwa rangi katika karatasi, watagawanyika na mioyoni. TANU ilikutana Tabora, Januari 1958, ikakubali kuingia katika mtego ule na kuuvunja kutoka ndani: ikawaunga mkono Waasia na Wazungu waliokubali uhuru, nao wakashinda pamoja nayo. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaunda chama chake cha Afrika kwa Waafrika peke yao. Mwaka 1962 aligombea Urais dhidi ya Nyerere. Nyerere, Mzanaki, mtu wa kabila dogo ambalo wengi wa Newala siku zile hawakuwahi hata kulisikia, alipata kura 1,127,978. Mtemvu alipata 21,276.

Mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walisimamishwa karibu kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe na mwenzake kwa alama ya nyumba, wakakatazwa kutaja kabila, dini na rangi katika kampeni. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtoto wa Mwanza, alishindwa Mwanza. Derek Bryceson, Mzungu, alimshinda Mwafrika Kinondoni. Wazee waliopiga kura hizo wengi hawakujua kusoma! Leo mjukuu wao mwenye cheti anatuambia tupige kura kwa ukoo.

Haki ni haki, kwa hiyo tuwape na wao hoja yao nzuri. Mwaka 1995 Mrema alichukua Kilimanjaro na Cheyo alipata wabunge wake kwao Shinyanga. Kweli. Asili hufungua mlango wa nyumbani. Lakini tazama Cheyo: asilimia 4.0 mwaka 1995, na 4.2 mwaka 2000. Mlango wa nyumbani ulimfungukia, ukajifunga nyuma yake. Na Mrema, kura zake nyingi za vijana wa Dar es Salaam hazikuwa za Wachaga. Zilikuwa za watu waliomkumbuka Waziri wa Mambo ya Ndani wa "siku saba", aliyewatia watumishi wavivu mbio. Kilimanjaro haikumsaidia huko, bali ilimdhuru, maana wapinzani wake walipita wakinong'ona juu ya Wachaga, na aliyejengewa jukwaa la kabila hawezi kulalamika akipigwa kwa fimbo ya kabila. Nchini Kenya, mwaka 2022, Raila Odinga alimchukua Martha Karua wa Kirinyaga awe mgombea mwenza ili apate Mlima Kenya. Mlima ukampigia Ruto, Mkalenjin, na Kirinyaga yenyewe pia. Ruto alikuwa amezunguka miaka mingi akizungumza na watu juu ya mikopo na bei za mazao, na akijiita muuza kuku wa zamani. Hayo ya kuku tuyaache. Lakini mazungumzo ya bei yalikuwa mazungumzo ya bei.

Wengine hutujibu kwamba watafiti wamekwisha kupima, na kura za maoni zinaonyesha. Kwanza jina lenyewe latuchanganya, maana kura za maoni katika Chama ni zile za kuteua wagombea, na katika magazeti ni za watu wanaopiga simu kuuliza. Hizo za simu, Septemba 2015 Twaweza walitangaza Magufuli asilimia 65 na Lowassa 25. Sanduku likasema 58.46 na 39.97. Lakini hata zingekuwa sahihi, nani aliyepima kabila? Sensa ya nchi yetu haikumwuliza mtu kabila lake tangu ile ya 1967. Anayekuambia "Wamakonde ni asilimia kadhaa na watafanya hivi" ameitoa namba hiyo kichwani mwake.

Sasa tuseme lile linalotuchoma. Wasomaji wa mikoa mingine huenda hawajui kangomba. Kangomba ni mnunuzi wa magendo anayekuja kijijini kabla ya msimu, wakati ghala la nyumbani ni tupu na mtoto anahitaji sare ya shule, akanunua korosho zingali mtini, kwa bakuli, kwa bei ya huruma yake. Msimu ukifika yeye ndiye mwenye magunia ghalani, na mwenye shamba hana kitu. Serikali humkamata kangomba, na sisi twaunga mkono. Basi huyu anayekuja na salamu ya Kimakonde, miaka kabla ya uchaguzi, hana neno juu ya pembejeo wala juu ya mnada, ana jina la babu tu mdomoni, yeye ni nani? Naye ni kangomba. Bakuli lake ni ukoo, na anataka kununua kura zetu zingali mtini.

Tena anatuona wajinga. Mtu wa Arusha humwuliza juu ya barabara, mtu wa Dar es Salaam humwuliza juu ya kodi, lakini Mmakonde, adhani, Mmakua, Myao, hao ukiwasalimu kwa lugha yao watacheka na kukupa nchi. Hivyo hivyo ndivyo walivyotutazama waliokuwa wakitucheka chale usoni mijini. Mwanachama wetu anayelirudia neno hili anajicheka mwenyewe.

Sisi tumekaa katika mikutano ya matawi. Hatujamsikia mama wa Newala akiuliza mgombea ni wa kabila gani. Huuliza kwa nini maji ya Mitema, mradi ambao wazee wameusikia tangu miaka ya 1950, hayafiki kwake mwezi wa kumi. Mkulima huuliza kwa nini chama cha msingi kinakata, TANECU au MAMCU inakata, halmashauri inakata, ghala linakata, na yeye anapewa karatasi. Kijana huuliza kwa nini korosho inaondoka na ganda lake Mtwara, na kazi ya kubangua wanafanya watu wa India na Vietnam.

Kwa hiyo matawi ya Masasi na Newala tumekubaliana. Kila anayetaka tumbebee jina lake, awe wa Lupaso au wa Bukoba, atajibu kwa maandishi na kwa Kiswahili: makato yapi atayafuta, na kwa sheria ipi, fungu gani la ushuru wa korosho litarudi katika salfa na miche, viwanda vilivyogeuzwa maghala vitabangua tena lini, na pampu za Mitema zitapewa umeme na matengenezo kwa fedha ya nani. Majibu yatabandikwa katika mbao za ofisi za kata, na katibu wa tawi atayasoma mkutanoni kwa sauti kabla ya jina la mgombea kutajwa. Wasiojua kusoma watasikia majibu kwanza, jina baadaye. Fomu ziko tayari, na makatibu ambao hawajazichukua wazifuate ofisi ya wilaya kabla ya msimu kuanza, maana msimu ukianza hatutawapata.